Nimeambiwa nina ugonjwa wa Lyme, nishike vidonge au dripu? Naombeni ushauri

BintiChumbageni: Habari zenu ndugu zangu. Nipo Tanga mjini, miaka 34. Wiki iliyopita majibu ya damu yalirudi, nikaambiwa nina ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Homa inakuja na kuondoka, kichwa kinagonga, viungo vinauma kama nimetoka kulima. Daktari aliniandikia doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 14. Nilimeza siku nne nikaacha, tumbo halikukubali. Sasa kuna zahanati moja wanasema vidonge haviufikii ugonjwa huu, wataniwekea dripu ya kuosha damu wiki sita kwa shilingi 1,800,000. Dawa gani inatibu kweli? Usiku silali.

MkulimaMuheza: Pole dada. Kupe si wa kuchezea. Mimi nilipoteza mitamba miwili kwa ndigana, kisa josho la kijiji lilikuwa kavu. Tezi zinavimba chini ya sikio, mnyama anahema kama amekimbizwa, kesho yake unamkuta amelala ubavu. Siku hizi nanyunyiza mwenyewe, simwachii mtu. Kagua ng'ombe wako.

BintiChumbageni: Kaka, mimi sina ng'ombe.

MzeeMwambani: Binti yangu, hiyo ni homa ya papasi, wamekubadilishia jina tu. Nilifundisha vijijini Dodoma, nikapewa nyumba ya udongo. Papasi wanatoka nyufani usiku, wanauma na kurudi kabla hujawasha kibatari. Homa siku tatu, inapoa wiki nzima, unasema nimepona, inarudi. Walinitoa damu homa ikiwa juu, wadudu wakaonekana kwenye darubini, nikapewa tetrasaiklini. Usiku wa dawa ya kwanza nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, mke wangu akaanza kunisomea Yasini. Asubuhi nikaomba uji.

ShogaWaPangani: Habasoda na asali mbichi, kijiko asubuhi kabla hujala kitu. Mama mkwe wangu alikuwa hanyanyuki.

NesiMstaafu: Shikamoo mzee. Bakteria hao ni ukoo mmoja ila magonjwa ni mawili. Papasi huuma dakika chache akaenda zake. Kupe wa Lyme hung'ang'ania mwilini, na mara nyingi huambukiza akishakaa zaidi ya siku nzima. Dada, uliumwa na kupe wapi?

KijanaMkwakwani: Wakuu, hii chai. Lyme ni ugonjwa wa Marekani na Ulaya, kupe wa Tanga autoe wapi? Huyu anatafutia dripu wateja. Subirini, namba ya simu inakuja.

BintiChumbageni: Siuzi chochote. Nilikuwa Connecticut, Marekani, miezi mitatu, namlea dada yangu aliyejifungua. Nyuma ya nyumba yao ni msitu, na nguo za mtoto nilikuwa naanika huko. Nimerudi wiki saba zilizopita. Wiki ile ile ya kurudi likatoka duara jekundu nyuma ya paja, likapanuka mpaka likazidi kiganja. Nikadhani choa, nikapaka dawa ya choa wiki tatu. Kupe sikumwona kabisa.

MwalimuRaskazone: Kijana, hapo umeteleza. Lyme ni jina la mji uliopo huko huko Connecticut. Katikati ya miaka ya 1970 watoto wa eneo lile walianza kuvimba magoti, madaktari wakachanganyikiwa. Willy Burgdorfer alimpata bakteria ndani ya kupe, ikatangazwa mwaka 1982. Bakteria akapewa jina lake.

NesiMstaafu: Na kumkosa kwa macho si ajabu. Kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na hapendi kukaa panapoonekana. Wengi hutokwa na duara hilo siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa. Lakini mwanangu, tumbo halikukubali vipi? Ulitapika? Uliharisha? Kuna kitu unakizunguka.

BintiChumbageni: Nina mimba. Wiki tisa. Mbili zilitoka huko nyuma, nikasema hii nisimwambie mtu mpaka ifike miezi mitatu. Mume wangu hajui. Hata daktari sikumwambia. Karatasi ya dawa nikasoma mjamzito asitumie, nikaacha. Kwa hiyo naona dripu ndiyo salama, wameniapia haimgusi mtoto. Na nimeshalipa laki tano, hela ya kikoba. Siwezi kuziacha zipotee.

KijanaMkwakwani: Mimba wiki tisa, safari umerudi wiki saba. Chai ya pili hiyo. Au kuna mtu Connecticut?

MamaMakorora: Mume aambiwe leo. Siku hizi mnaambiana na watu wa mitandaoni, mwenye nyumba anakuwa wa mwisho kujua.

NesiMstaafu: Kijana, mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wiki mbili za mwanzo mtoto hata hajatungwa. Tisa toa mbili. Muombe radhi mke wa mtu.

Dada, nisikilize. Zile siku nne zisikutie hofu, ila daktari azijue. Mjamzito huandikiwa amoksilini, kwa kawaida miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 14. Mama akitibiwa hivyo, ugonjwa huu haujaonekana kumwachia mtoto madhara. Dripu ipo, seftriaksoni, lakini ni kwa ugonjwa uliofika kwenye neva au moyo, na huwa wiki mbili tatu. Hao waulize chupa ina nini. Anayekuapia kwamba kitu kitaingia kwenye mshipa wako na mtoto kisimguse, mkimbie. Uso ukipinda, shingo ikikakamaa, moyo ukirukaruka au ukizimia, nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo.

BintiChumbageni: Na amoksilini isipofanya kazi? Nimesoma kuna watu wanaumwa miezi na miezi. Kwa nini nisifanye vyote viwili? Laki tano si zangu peke yangu, kuna wenzangu kwenye kikoba.

NesiMstaafu: Wachache hubaki na uchovu na maumivu baada ya tiba. Imejaribiwa kuwarefushia dawa, haikuwasaidia, na dripu ya muda mrefu ina hatari zake. Tena kipimo cha damu kinaweza kubaki chanya muda mrefu umeshapona, wasije wakakirudia wakakuuzia wiki sita nyingine. Usifanye vyote viwili mwanangu.

KijanaMkwakwani: Dada, nimekukosea, naomba unisamehe. Nipo Ngamiani. Kama una risiti nitakusindikiza ukadai.

BintiChumbageni: Nimekusamehe. Nimetoka kliniki sasa hivi, nimemwambia daktari yote, nimeandikiwa amoksilini. Utrasaundi imeonyesha moyo unapiga. Mume wangu yuko Horohoro kikazi, nikampigia nikiwa bado pale benchini. Alinyamaza nikadhani simu imekatika, kumbe analia. Kwenye zahanati ile wanasema mwenye kitabu cha risiti amesafiri. Nitarudi Jumatatu. Kaka wa Ngamiani, saa tatu asubuhi.