Nataka sauti ya rock yenye mkwaruzo bila kuua koo, nianzie wapi?

Gitaa_Moshi
Wakuu salama? Nimeimba kwaya miaka sita, sauti ya tatu, sasa tumeanzisha bendi ya rock hapa Arusha tuko wanne. Shida kila nikijaribu ile sauti ya kukwaruza naibana kooni, wimbo wa pili tu nishakauka, kesho yake naongea kama nina mafua. Naambiwa ninywe mayai mabichi na tangawizi eti koo litazoea. Ni kweli?

BesiNzito
Halizoei mkuu, linaumia. Ule mkwaruzo hautoki kwa kuzisugua nyuzi za sauti, juu yake kuna mikunjo mingine inaitwa nyuzi bandia, hiyo ndo inatetemeka na kutoa mngurumo huku nyuzi zenyewe zinashika noti chini. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, yule mzaliwa wa Zanzibar 1946, kuna watafiti walitoa utafiti wa sauti yake 2016, yeye alishafariki kwa hiyo wakamchukua mwimbaji wa rock anayemuiga, wakaweka kamera kooni na ndicho walichokiona. Na hata Freddie mwenyewe vinundu vya koo vilimsumbua, 1975 Queen walifuta shoo kadhaa Marekani. Usicheze na koo.

Dada_Alto
Mdogo wangu hayo mayai achana nayo, unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti hakizigusi kabisa. Kinachofika pale ni mvuke. Maji kunywa mapema, sio dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani.

Kwanza noti isimame safi. Chukua mrija wa soda, chovya kwenye glasi ya maji kama sentimita mbili, imba wimbo wako mzima humo, mapovu yatoke sawasawa, yakikatika ujue umebana au unasukuma pumzi nyingi mno (hili la pumzi ndo kosa la wengi, wanadhani rock ni kusukuma). Fanya wiki mbili tatu. Halafu tafuta ule mguno wa mtu anayejitwisha ndoo ya maji, uweke juu ya noti kwa sauti ndogo ya kuongea tu, ukubwa utatoka kwenye maiki. Koo likiwasha au kukereketa, acha hapohapo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, nakuomba sana usipuuze hili.

Gitaa_Moshi
Asante dada. Mrija nimejaribu sasa hivi, kwenye noti za juu mapovu yanakatika kabisa, hasa nikifika neno "moyoni".

BesiNzito
Ni hiyo i. Kiswahili kinatubeba sana kwenye rock maana karibu kila neno linaishia na irabu unaweza kuivuta utakavyo, ila i na u zinafunga mdomo ukiwa juu. Iimbe ikielekea e, taya lishuke, msikilizaji bado atasikia "moyoni". Au geuza mstari noti ndefu iangukie kwenye a. Halafu mazoezini drams zinapigwa karibu na wewe?

Gitaa_Moshi
Ziko nyuma yangu mita moja, na spika inaangalia upande wa pili, sijisikii kabisa.

BesiNzito
Basi unazipigia kelele drams bila kujua. Geuza spika ikutazame wewe kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.