Fundi kagoma kunipa namba ya leseni ya themu, nifanyeje?

Kutoka: dada wa Leicester

Wadau habari za Jumapili, naomba msaada kwa mnaojua mambo ya websaiti. Mwaka jana kijana mmoja mwenzetu alinitengenezea websaiti ya biashara yangu ya chakula cha sherehe, nikamlipa paundi 450 zote, na kwenye meseji aliandika kabisa kwamba humo ndani kuna themu ya kulipia, yaani muundo wa websaiti uliotengenezwa tayari, kutoka ThemeForest, duka la mtandaoni la themu. Imefanya kazi vizuri tu, wateja wanaweka oda za pilau na sambusa bila tabu, ila sasa hivi nikiingia dashibodi kuna bango linaniambia niweke namba ya manunuzi, ndio hiyo ya leseni ya themu, ndio nipate apdeti, na ukurasa wa menyu kwenye simu umevurugika, bei zinakaa juu ya picha ya biriani. Nimemuomba fundi hiyo namba, kwanza akasema anaitafuta, halafu akasema leseni ni yake sio yangu, nikiitaka niongeze paundi 60. Jamani ni haki kweli? Si nilishalipa?

Kutoka: mdau wa Hamburg

Dada usimpe hata senti. Mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ilishaamua Julai 2012, kesi ya kampuni za UsedSoft na Oracle, kwamba programu ukishauziwa iwe yako kabisa unaweza kumuuzia mwenzio na kampuni haina la kusema. Mtajie hiyo kesi uone kama hatanywea.

Kutoka: mdau wa Leeds

Kaka wa Hamburg kesi ipo kweli ila hapo haimsaidii dada. Hukumu ile ilisema anayeuza lazima afanye nakala yake isitumike tena, na haikuwalazimisha wenye maduka wahamishe manunuzi kutoka akaunti ya huyu kwenda ya yule. Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, masharti ya leseni yenyewe yanatosha kumbana kijana.

Leseni ya kawaida ya ThemeForest ni ya kazi moja, yaani websaiti moja basi. Ila masharti yanamruhusu fundi amtengenezee mteja hiyo kazi moja, amkabidhi kwa bei yoyote waliyoelewana, na akishakabidhi leseni inahamia kwa mteja. Kwa hiyo akisema leseni ni yake anakudanganya au hajawahi kuyasoma, na mafundi wengi hawajawahi kuyasoma, hilo naliona kila wiki kwenye kazi zangu.

Sasa hapa ndipo watu wanapogombana. Inayohamia kwako ni haki ya kutumia, manunuzi yenyewe yanabaki kwenye akaunti yake. Yeye ndiye anayeweza kudaunilodi faili jipya, na hata msaada wa mwenye themu, ule wa miezi 6 inayokuja na bei, umefungwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Muuzaji anaona "nimeshakupa websaiti unataka nini tena", mnunuzi anaona "nimelipa halafu kila kitu kiko mfukoni kwako", na wote wawili wana kaukweli kao. Ndio maana mimi mteja namwambia kabla sijagusa kitu: fungua akaunti kwa emeili yako, nunua mwenyewe kwa kadi yako, mimi nipe faili na namba. Ugomvi wa namna hii sijauona tena.

Kwako dada usimuombe namba peke yake, muombe cheti cha leseni. Akiingia sehemu ya vitu alivyonunua kinatoka palepale, PDF au faili la maandishi, kinaonyesha jina la themu, jina la akaunti iliyonunua, tarehe, aina ya leseni na ile namba ndefu yenye vistari katikati. Hiyo ni kazi ya dakika 2. Mtu akikuzungusha kwa kitu cha dakika 2 mimi huwa nahisi mambo mawili, ama namba moja kaigawa kwa wateja watatu wanne na anaogopa ukiiweka themu itakwambia imeshasajiliwa kwenye domeni nyingine, yaani anwani ya websaiti nyingine, ama hakununua kabisa, kaokota nakala iliyovunjwa kwenye yale masaiti ya bure. Hilo la pili ndio baya zaidi, nakala zile ndizo zilizosambaza virusi vya WP-VCD, mtu anajifungulia mlango wa nyuma kwenye websaiti yako huku wewe unahangaika na bei ya sambusa.

Kuna la tatu, huenda alichukua Envato Elements, huduma ya hao hao wenye ThemeForest, ile ya kulipia kila mwezi. Hapo websaiti aliyoisajili wakati bado analipia inabaki halali, ila apdeti zinakata akiacha kulipa, na namba kama hiyo unayoulizwa hana. Muulize tu kwa ustaarabu.

Na asije akakuambia unahitaji leseni ya bei mbaya kwa sababu unauza mtandaoni. Ile ni ya pale mtu anapolipia kuingia au kutumia hiyo websaiti yenyewe. Wateja wako wanalipia pilau.

Kutoka: mzee wa Minneapolis

Salaam wote. Naomba kidogo niwatetee wauzaji, maana mimi niliuza websaiti yangu ya habari za mpira na mnunuzi akanifungulia kesi PayPal. Nilimpa domeni, faili zote, cheti, namba, nikaiondoa themu kwangu kabisa. Wiki ya pili akaona kwenye dashibodi Slider Revolution, plagini yaani programu ndogo ya nyongeza, inamwambia aisajili, akaja juu nimemuuzia kitu cha wizi. Sio wizi! Plagini ile inakuja ndani ya themu, aliyenunua themu hapewi namba yake peke yake, apdeti zake zinapitia kwa mwenye themu. WPBakery, plagini ya kupangia kurasa, ni vile vile. Nilituma ukurasa wa mwenye themu unaoeleza hilo, pamoja na skrinshoti za makabidhiano, kesi ikaisha kwangu. Binti, angalia vizuri bango lako linataja themu au plagini, usije ukamtukana kijana wa watu bure.

Kutoka: dada wa Leicester

Shikamoo mzee, ahsante. Nimeangalia, linataja themu yenyewe sio plagini. Na nimemuomba cheti kama kaka wa Leeds alivyosema, kajibu "leseni za mafundi hazina cheti". Nilimlipa benki kwa benki, nimshitaki?

Kutoka: mdau wa Leeds

Haha, hakuna leseni ya mafundi ThemeForest, hiyo kaitunga sasa hivi.

PayPal ingekuwa inakupa siku 180 tangu ulipe, mwaka umeshapita na pia hukulipa huko, achana nayo. Madai madogo hapa England unaweza kupeleka mpaka paundi 10,000, njia ipo, ila kwa themu ambayo bei yake mara nyingi haifiki dola 100 sikushauri, utalipa ada ya kufungua kesi na utapoteza siku zako za kupika. Nikiwa wewe ningemwandikia emeili moja tu: uliniahidi themu ya kulipia, masharti yanasema leseni ni yangu, nitumie cheti kufikia Ijumaa au unirudishie bei ya themu. Asipotoa, nunua mwenyewe kwa akaunti yako, beki-apu kwanza websaiti yote, futa folda ya themu ya zamani na uweke ile safi mahali pake, menyu zako ziko kwenye database na picha ziko kwenye folda yake ya uploads, hazitapotea. Kama alikubadilishia vitu ndani ya faili za themu yenyewe vitaondoka, hivyo nitumie faili la zipu pembeni nilinganishe kabla hujafuta. Halafu badilisha paswedi za hostingi, kule websaiti inakohifadhiwa, na za dashibodi, na umtoe fundi kwenye orodha ya maadmini, wale wenye ruhusa ya kubadilisha kila kitu, bado yumo?

Kutoka: dada wa Leicester

Bado yumo. Wako watatu, yeye na wengine wawili nisiowajua. Nakutumia zipu sasa hivi.