Ndege kajenga bustanini: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, tukusanye hapa mbinu za kuendelea na kazi ndege anapojenga katikati ya mboga, kwenye ua wa miti au ndani ya chungu cha maua. Kabla ya kushika mkasi, jua kiota kimefikia hatua gani. Ndege akipita na nyasi mdomoni, bado anajenga. Akipita na viwavi, ana makinda. Akitoka na kifuko cheupe, hicho ni kinyesi: kinda mdogo hujisaidia ndani ya utando laini, mzazi akaubeba kwenda kuutupa mbali. Tiririkeni.

Shomoro wa Uani
Wengi hutupa mayai wakidhani yametelekezwa. Ndege wadogo hutaga yai moja kwa siku, na kwa kawaida mama haanzi kuatamia kwa dhati mpaka mayai yakaribie kutimia. Kwa hiyo mayai mawili ya baridi, mama hayupo, bado si kiota kilichoachwa. Akishaanza, wengi huatamia siku 12 hadi 14, na makinda hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine. Kupogoa kunasubiri wiki tano hivi. Makinda wakishaondoka, chungulia tena kabla ya kukata, maana wengine hurudia kutaga humo humo.

Jembe Butu
Chungu kinachoning'inia ndicho kinachosumbua zaidi. Usipomwagilia, mmea unakufa na kivuli cha kiota kinaondoka nao. Ukimwaga maji juu juu, kiota kinaloa na mayai yanapoa. Subiri mama atoke kutafuta chakula, tumia chupa yenye mdomo mwembamba, mimina polepole ukingoni upande wa mbali na kiota. Maji kidogo mara mbili kwa siku ni bora kuliko mengi mara moja, kwani yakijaa hupanda hadi chini ya kiota. Usikihamishe chungu hata kama kinakuziba njia. Mzazi hurudi pale pale alipokizoea, na asipokikuta anaweza kuacha kila kitu.
Makinda wakishaota manyoya, acha kabisa kuchungulia. Wakishtuka huruka nje kabla mbawa hazijakomaa, na ukiwarudisha wanaruka tena.

Mama Mchicha
Wavu! Ule mwembamba uliotupwa tu juu ya mimea ni mtego. Chagua wenye matundu yasiyozidi milimita 5. Kidole kikipita, ndege atanasa. Uvute ukaze juu ya fremu, uache nafasi kati yake na matunda (ukigusa matunda, wanadonoa kupitia matundu), kisha bana kingo zote chini. Ukague asubuhi na jioni. Aliyenasa mfunike kitambaa atulie, kata nyuzi kwa mkasi, usimvute.
Na sumu ya viwavi acheni kwa huo muda. Hao viwavi ndio chakula cha makinda.

Fundi Mbao
Kwa wanaotaka kutengeneza sanduku la kiota: mbao zisizopakwa dawa, unene milimita 15 au zaidi, tundu la milimita 32 kwa ndege wa ukubwa wa shomoro, liwe juu ya sakafu kwa sentimita 12 au zaidi. Toboa vitundu vinne sakafuni maji yatoke. Kijiti cha kutua mbele ya tundu usiweke, kinamsaidia adui tu.

Mgeni
Kinda kaanguka chini. Ukimgusa, mama anamkataa?

Shomoro wa Uani
Hapana, hilo ni la kusadikika tu. Ndege wengi hawategemei harufu kuwatambua makinda wao. Kama yu uchi au macho yamefumba, mrudishe kiotani haraka kabla hajapoa. Kama ana manyoya na anarukaruka, yuko kwenye mazoezi: mfungie paka ndani, mweke kwenye kichaka kilicho karibu, ondoka. Ukisimama kuangalia, mzazi hashuki kumlisha.