Tupeane uzoefu: mnaovusha mizigo Burundi na Kongo, hela yenu inaliwa wapi?

Mzee wa Kibirizi (mtoa mada)
Wakuu habari za mihangaiko. Mimi nauza unga na saruji ng'ambo, kidogo kidogo tu. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, Burundi akaingia jumuiya 2007, kwa hiyo unga uliosagwa hapa Kigoma ukiwa na cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka ndani ya jumuiya, hautozwi ushuru kule. Na kweli hautozwi. Ila jumlisha nauli ya kufuata karatasi hii na ile, ukaguzi, gesti ya kumsubiri mtu aliyeenda semina, na zile za vizuizini zisizo na risiti, unakuta ni ushuru uleule umebadilisha kanzu. Wenzangu nyie zinaliwa wapi?

Nyanya Buhigwe
Zangu zinaliwa na muda. Nanunua nyanya Buhigwe, mpaka hauko mbali kabisa. Kuna siku gari limefika asubuhi, mkaguzi wa mimea hayupo, naambiwa yuko mjini atakuja kesho. Nyanya haijui kesho mkuu! Jioni tenga za chini zishaanza kutoa maji, na kilichoniuma kuliko vyote mteja wangu wa ng'ambo alikuwa anawapigia vijana wa mpakani kuuliza gari limekaa muda gani, akishajua ndo ananipigia mimi kutaja bei. Anajua nikilala hapo sina ujanja nitapokea chochote. Serikali haijapata hata senti kwenye hiyo hasara, na safari inayofuata namkaba mkulima bei ili nifidie.

Fuso la Urambo
Sisi wa Tabora ni mahindi. Mnakumbuka Juni 2017 yalivyopigwa marufuku kwenda nje, tukaambiwa tusage tupeleke unga? Wazo si baya, ila kijijini mashine yenyewe moja na foleni yake, wanunuzi wakakata mguu, watu wakauza debe kwa bei ya kutupa. Marufuku ilikuja kuondolewa lakini mteja wangu wa Burundi alishapata mtu mwingine wa kumletea, hajarudi mpaka leo.

Binti Mwanga
@Fuso la Urambo na sisi tunaonunua sembe mjini je? Mwanzoni mwa mwaka huohuo sembe ilipaa mlitaka yaondoke yote?

Fuso la Urambo
Ilipaa kwa ukame dada angu. Mkulima akiuza hasara leo mwakani analima ya kula tu, hapo ndo utaijua bei.

Mama Chumvi
Wanangu wengine mnaumia bure. Mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa iko kwenye orodha, kuna cheti cha uasili kile kilichorahisishwa, kinatolewa palepale mpakani, huna haja ya kuhangaika na cha wakubwa. Shida ni kwamba hakikuondolei ukaguzi wa ubora wala wa mimea, hizo bado zipo palepale. Na mwenye semi nzima na mwenye magunia kumi wote wanafuata karatasi ileile ya ukaguzi kwa nauli ileile, yeye akigawanya kwa gunia haimuumi, mimi faida yote imeisha. Ndo maana sisi wa chumvi ya Uvinza na dagaa tunachanga fuso moja, kila mtu na cheti chake, mmoja anatangulia kumtafuta mkaguzi kabla gari halijaondoka.

Boti ya usiku
Wengine tulishachoka tunapita njia za panya. Mzigo ukikamatwa ndo basi, mtaji wote umekwenda, na mteja akikudhulumu huna pa kushtaki.

Konda mstaafu
Hapohapo ongezeni faranga za Burundi. Unauza vizuri, kubadilisha sasa, bei ya benki na ya mtaani kule ni mbingu na ardhi, faida inaishia njiani.

Mzee wa Kibirizi
Jumuiya ina sheria kabisa ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani usumbufu kama huu usio ushuru, ya 2017, na kuna mfumo wa mtandaoni wa kuripoti, mlalamikaji anaandika kikwazo na mpaka wenyewe. Kuna aliyewahi kuutumia akajibiwa?

Nyanya Buhigwe
Niripoti halafu wiki ijayo nipite kwa mtu yuleyule? @Mama Chumvi huyo anayetangulia mnamlipa kwa gunia au kwa siku?

Mama Chumvi
Kwa gunia mwanangu. Wa kulipwa kwa siku atamtafuta mkaguzi wiki nzima.