Je, kilo pekee zinatosha kumchagulia vifaa mgonjwa mwenye mwili mkubwa?

Mlezi wa nyumbani: Ndugu zangu, namtunza shangazi yangu mwenye uzito wa kilo 165. Hujigeuza kitandani mwenyewe na asubuhi husimama akishikiliwa, ila jioni miguu humwishia nguvu kabisa. Natafuta kitanda, kiti cha magurudumu na mashine ya kumnyanyulia, na kila muuzaji huniuliza jambo moja tu: ana kilo ngapi? Je, hicho ni kigezo cha kutosha?

Muuguzi: Hakitoshi, ingawa ndicho cha kuanzia, kwa kuwa viti vingi vya kawaida vya magurudumu huishia kwenye kilo 113 hadi 136 na havimfai. Soma kibandiko cha kila kifaa. Kwa kitanda, kiwango kilichoandikwa mara nyingi hujumlisha godoro na vyote vilivyofungwa juu yake, hivyo uzito unaoruhusiwa wa mgonjwa mwenyewe huwa mdogo zaidi. Vilevile, mashine ya kunyanyulia inayohimili kilo 250 ikitumiwa na kitambaa cha kubebea kinachohimili kilo 200, mwisho wenu ni kilo 200 tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia: Naongeza suala la umbo, ambalo wauzaji hulisahau mno. Mpime akiwa ameketi, mahali penye upana mkubwa kuliko pote, maana mapaja hutanuka mtu akikaa. Watu wawili wenye kilo sawa wanaweza kuhitaji viti tofauti: mwenye tumbo kubwa, uzito wake huelemea mbele, mwenye makalio makubwa husukumwa mbali na egemeo, hivyo huhitaji kiti chenye kina zaidi. Hata hivyo, usizidishe upana kwa kubahatisha, kwani mikono haitayafikia magurudumu vizuri, na mlango nao utakataa.

Mlezi wa nyumbani: Nashukuru. Je, ninunue mashine ya kumsaidia kusimama au ya kumnyanyua mwili mzima?

Mtaalamu wa fiziotherapia: Ya kusimamishia humtaka mgonjwa aweze kukanyaga kwa nguvu angalau mguu mmoja, na shangazi jioni hawezi. Ningechagua kwa kufuata hali yake ya jioni, yaani ya kunyanyua mwili mzima, huku asubuhi akiendelea kusimama kwa fremu imara ya kutembelea ili asipoteze nguvu aliyobaki nayo. Kitanda kiwe cha kupandishwa na kushushwa: kikiinuliwa kidogo huku nyayo zikigusa sakafu, magoti hayakunjiki sana na kusimama humwia rahisi.