Mjadala: Je, falsafa ya watoto itengewe kipindi katika shule zetu za msingi?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Kayole

Naanzisha mjadala huu baada ya mzazi kunijia na kuniuliza kwa nini bintiye alirudi nyumbani bila kuandika chochote daftarini, ila na hoja kuhusu mashimo. Mbele ya lango la shule yetu pana shimo ambalo mvua ikinyesha hugeuka kidimbwi, nami nilikuwa nimewauliza wanafunzi: shimo ni kitu, au ni mahali ambapo kitu hakipo? Mvulana mmoja alijibu kwamba lazima liwe kitu, kwa kuwa matatu hulikwepa na kaunti huliziba, na hakuna akwepaye kisichokuwapo. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwa nimemsikia akitamka sentensi mbili mfululizo, akamwambia: "Hawalizibi shimo. Wanarudisha barabara." Mikono kama kumi hivi ikainuka kwa mpigo, na mvulana yule akasema amebadili mawazo, ila nusu tu.

Utaratibu huu, uitwao falsafa ya watoto, sikuubuni mimi. Matthew Lipman, aliyekuwa akifundisha mantiki katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliona kwamba kusubiri hadi chuoni ndipo mtu afunzwe kupima hoja ni kuchelewa, akaandika hadithi za watoto wanaohojiana, na mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya kazi hiyo huko Montclair, New Jersey, akishirikiana na Ann Margaret Sharp. Watoto huketi duara, husoma kisa, hutunga maswali yao wenyewe na kuchagua moja, kisha hujadiliana huku mwalimu akidai sababu na mifano badala ya kutoa jibu. Mtaala wetu wa Umilisi unautaja "uwazaji kina na utatuzi wa matatizo" miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, nasi walimu huunakili kwa utiifu katika kila andalio la somo, na mara nyingi safari yake huishia papo hapo. Napendekeza kipindi kimoja kwa wiki, kisicho na mtihani.

Mzazi, Umoja

Mwalimu, kwa heshima zote, mwanangu atafanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA katika Gredi ya 6 na ile ya KJSEA katika Gredi ya 9, na sidhani kwamba shimo litaulizwa. Wanaoutetea mpango huu hupenda kutaja jaribio la Uingereza lililohusisha shule 48, ambalo matokeo yake ya mwaka 2015 yalionyesha watoto wakisonga mbele kwa takriban miezi miwili katika kusoma na hesabu. Hawataji kwamba shirika lilelile lililoligharamia, Education Endowment Foundation, lilifadhili jaribio kubwa zaidi, na ripoti ya mwaka 2021 haikuona faida hiyo. Ikiwa Waingereza, wenye madarasa ya watoto thelathini, hawakuliona ongezeko, wewe mwenye watoto sitini na wawili utaliona wapi?

Mwalimu mstaafu, Dagoretti

Mzazi mwenzangu ameuliza vyema, lakini anapima uji kwa rula. Sikumtuma mtoto yeyote ajifunze kutoa sababu ili apate alama za hesabu.

Naongeza jambo ambalo vijana husahau. Wapo wanaodai kwamba kuhoji ni tabia ya kuletwa na kwamba mtoto wa Kiafrika hulelewa kwa kusikiliza. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee vijijini tangu miaka ya sabini, akakaa nao na kuwauliza juu ya Mungu, usawa na kifo, akatenganisha wanaokariri mila ya jamii na wanaoipima kwa akili zao wenyewe. Paul Mbuya Akoko alikuwa mmoja wa hao wa pili. Kwa hiyo hatuna haja ya kuanzia New Jersey. Waandikieni watoto ubaoni "haraka haraka haina baraka", na chini yake "ngoja ngoja huumiza matumbo", kisha waulizeni ni lini wahenga walikuwa sahihi. Hapo mwalimu atapata kipindi kizima, na Insha ya Kiswahili itafaidika bila kuombwa.

Shaka yangu iko kwetu walimu. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini wengi wetu tungali tunalisikia swali la mtoto kama ukaidi.

Mama wa wawili, Kawangware

Naomba kuuliza tu: mjadala huo utafanywa kwa lugha gani? Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi ni kwa Kiingereza. Wangu hunyamaza kwa Kiingereza, kisha ananimaliza kwa hoja nikiwa jikoni.

Mwalimu wa Gredi ya 5, Kayole

Mama, darasani kwangu ni Kiswahili, na Sheng ikiponyoka siirekebishi mpaka hoja iishe. Yule wa dawati la nyuma asingefungua kinywa kwa Kiingereza.

Mzazi wa Umoja, nakubali kwamba ripoti ya mwaka 2021 inatuzuia kuahidi alama, nami siahidi. Kuhusu idadi, nagawa darasa duara mbili: ya ndani inazungumza kwa dakika kumi na tano, ya nje inasikiliza na kila mmoja anachagua hoja moja ya kuijibu, kisha wanabadilishana. Hata hivyo wapo kumi au zaidi ambao hawasemi neno hadi kengele, na sijui bado niwafanyeje.

Mzee wangu wa Dagoretti, umenigusa penyewe. Wiki iliyopita watoto walipotunga maswali, mmoja aliandika: "Kwa nini mwalimu akichelewa ni foleni na mwanafunzi akichelewa ni utovu wa nidhamu?" Siku hiyo nilikuwa nimechelewa. Swali lilipata kura nyingi kuliko yote, na nikasema muda umekwisha, ingawa ulikuwa umebaki. Nimeliweka kwenye kikao cha Ijumaa, nami nitaketi duara ya nje.