Bwawa liliachwa lijae pomoni, kisha mageti yakafunguliwa usiku sisi tumelala

Wanajukwaa, salaam.

Usiku wa kuamkia Jumapili, mageti ya bwawa lililo juu ya kijiji chetu, hapa mkoani Dodoma, yalifunguliwa yote kwa pamoja, na kulipokucha ekari mbili za vitunguu vilivyobakiza wiki tatu kuvunwa zilikuwa chini ya maji ya tope, pamoja na pampu ambayo deni lake sijalimaliza. Mtendaji wa kijiji alipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yamekwisha kupita.

Tunaambiwa kwamba bwawa lisingefunguliwa, tuta lingebomoka. Hilo silipingi, kwa sababu tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake humeguka, na hapo tungezika watu. Ninachouliza ni nani aliyeliacha lijae pomoni mwezi Februari, ilhali mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huzitolea utabiri mapema. Bwawa lililokwisha kujaa halimkingi mtu na mafuriko. Linalokinga ni lile lililoachiwa nafasi, ili maji ya mvua kubwa yatulie humo, kisha yashushwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa kiasi ambacho mto unaweza kukibeba bila kuvuka kingo zake.

Ninaelewa kwamba wenye skimu za umwagiliaji na wenye mitambo ya umeme hutamani kila tone libaki, maana kiangazi cha huku tunakijua. Hata Mtera, ambalo maji yake huzungusha mitambo ya hapo hapo na baadaye ya Kidatu, lina kina chake cha juu, mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na cha chini, mita 690. Vipimo hivyo huwekwa ili visomwe. La kwetu lina tope ambalo halijawahi kuondolewa tangu nipate akili, kwa hiyo hata nafasi inayohesabiwa kwenye makaratasi sidhani kama ipo.

Kina cha maji kibandikwe kijijini kila siku ya masika, mageti yafunguliwe kwa hatua, tena mchana, na sisi wa chini tuarifiwe siku moja kabla.

Mwenye kujua madai ya fidia hupelekwa wapi anielekeze. Barua yangu imerudishwa kwa kukosa muhuri wa kijiji, na muhuri wenyewe umo katika ofisi iliyoingia maji.